Nani Mwovu Kupita Wote? Kumpima Mhusika Mwovu katika Masimulizi ya Ziwani

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) unajibu maswali manne, kila moja likiwa na alama 20. Maswali ya wahusika huja kwa sura nyingi: "Eleza sifa za mhusika huyu," "Jadili umuhimu wake," au "Fulani ndiye chanzo cha maangamizi. Thibitisha." Nje ya chumba cha mtihani, swali hilo huchukua sura moja inayowafanya wanafunzi wabishane hadi taa za bweni zinapozimwa: kati ya wahusika wabaya wote, nani mwovu kupita wote?

Usilidharau swali hili ukadhani ni la mchezo. Anayeweza kulijibu kwa hoja na ushahidi ana uwezo wa kujibu swali lolote la wahusika, liwe la riwaya, tamthilia, hadithi fupi au fasihi simulizi. Anayelijibu kwa kelele tu hupoteza alama. Tutajifunza kulijibu kwa kutumia masimulizi ya ufuo wa Ziwa Viktoria, kuanzia uwanda wa Kano hadi Gwassi. Pengine uliyasikia kwa nyanya yako kabla hujajua kusoma.

MKINZANI SI LAZIMA AWE MWOVU

Kosa la kwanza la watahiniwa wengi ni kumwita mwovu kila anayempinga mhusika mkuu. Mhusika mkinzani ni yule anayesimama kinyume na mhusika mkuu na kuzua mgogoro. Anaweza kuwa na sababu nzuri. Anaweza hata kuwa na haki. Mhusika mwovu ni yule ambaye matendo yake yanavunja utu, na anayatenda akijua.

Kosa la pili ni kuchanganya kutisha na uovu. Chui anatisha, lakini hakuna anayemshtaki mahakamani.

VIPIMO VINNE

Ili mjadala usigeuke ugomvi, kila mshtakiwa apimwe kwa mizani moja. Jiulize:

1. Nia: Alitaka nini? Alidhuru kwa kujilinda, kwa tamaa, kwa kiburi au kwa kufurahia tu?
2. Ujuzi na hiari: Je, alijua anachofanya? Alikuwa na njia nyingine, au alilazimishwa?
3. Imani aliyoivunja: Aliyemdhuru alikuwa nani kwake? Kumdhuru adui si sawa na kumdhuru aliyekupa chakula.
4. Madhara: Ni nani waliopoteza, na walipoteza nini?

Sasa tuwaite washtakiwa mmoja mmoja. Kumbuka kwamba masimulizi haya hubadilika kutoka kwa fanani mmoja hadi mwingine. Ukiyatumia kwenye mtihani, simulia kwa ufupi kisa ulichokisikia wewe, kisha ujenge hoja juu yake.

MSHTAKIWA WA KWANZA: APUL APUL

Huyu ndiye zimwi wa ngano za Waluo. Zamani wasichana walizisikia ngano hizi katika siwindhe, nyumba ambamo walilala chini ya uangalizi wa bibi mzee aliyeitwa pim. Apul Apul hula watu. Huwanyemelea watoto walioachwa peke yao na wasichana wanaokwenda mbali na nyumbani.

Mpime. Madhara yake ni makubwa, kwa kuwa anaua. Lakini nia yake ni njaa, na hiari yake ni ndogo, kwani zimwi asiyekula watu si zimwi. Imani anayoivunja ni kidogo pia, maana hakuna aliyemwamini tangu mwanzo. Katika ngano za mazimwi mhusika huyu ni ishara ya hatari zilizomzunguka mtoto, kama vile pori, njaa na mgeni asiyejulikana. Anatisha kuliko wote, lakini kwa kipimo cha uovu hafiki mbali.

MSHTAKIWA WA PILI: BINTI WA LANG'O

Luanda Magere ni shujaa wa mighani kutoka Kano, mashariki mwa Kisumu. Mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda. Maadui zake walikuwa Lang'o, jina ambalo Waluo waliwaita majirani wao, hasa Wanandi. Waliposhindwa vitani mara kwa mara, Lang'o walimpa Magere binti mrembo amwoe, kama ishara ya amani. Wazee walimwonya, naye hakusikia. Siku moja aliugua, na mke mkubwa hakuwapo. Akamwagiza yule binti achanje kivuli chake badala ya mwili, kisha atie dawa. Kivuli kikatoka damu. Binti akaijua siri, akatoroka usiku kwenda kwao. Vita vilipozuka tena, mkuki ulilenga kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo huko Kano, na inasemekana wawindaji walinoa silaha zao juu yake ili wapate bahati.

Wanafunzi wengi humtaja binti huyu kwanza. Hoja yao ina uzito: aliolewa, akala, akaaminiwa, kisha akamuuza mumewe. Kwa kipimo cha tatu ana hatia, na kwa kipimo cha nne vilevile, kwa kuwa jamii nzima ilipoteza ngao yake.

Lakini vipo vipimo viwili zaidi. Je, alikuwa na hiari? Alitolewa kama zawadi, na wakubwa waliompanga hawakuuliza kama anataka. Nia yake ilikuwa nini? Magere alikuwa ameua watu wa kwao, pengine kaka na wajomba. Fanani wa upande wa pili wa mpaka akikisimulia kisa hiki, binti huyu anageuka shujaa aliyeingia peke yake katika boma la adui na kuwaokoa watu wake. Tena, siri hakuiiba. Aliambiwa na mwenyewe. Methali "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" inamhusu Magere, wala si binti.

MSHTAKIWA WA TATU: MWANA WA LIYONGO

Tutoke ziwani kidogo twende pwani, kwa sababu mshtakiwa huyu anatusaidia kumwelewa binti wa Lang'o. Fumo Liyongo ni shujaa wa Waswahili wa upande wa Pate na Lamu. Muhamadi Kijumwa alikitungia kisa chake utenzi maarufu mwaka wa 1913. Liyongo naye hakupenywa na silaha, isipokuwa kitu kimoja tu: shaba ikimchoma kitovuni. Mtawala aliyemwogopa alimshawishi mwanawe Liyongo, akamwahidi cheo na mke. Mwana akaipata siri kwa kumuuliza babake, kisha akamchoma akiwa amelala.

Linganisha. Binti aliwatumikia watu wake dhidi ya adui. Mwana aliitumikia tamaa yake dhidi ya mzazi wake. Binti alitolewa na wakubwa. Mwana aliahidiwa malipo akakubali. Kitendo kinafanana, lakini uzito wa uovu haufanani. Hapa ndipo unapopata alama ambazo mwenzako anazikosa. Linganisha nia na hiari, usilinganishe vitendo peke yake. Isitoshe, mwana huyu anavunja dai ambalo wengi hulitoa haraka, kwamba msaliti wa mashujaa ni mwanamke. Hapa ni mwanamume, tena wa damu yake. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Usimsahau aliyemtuma. Mtawala huyo hakushika shaba, lakini bila yeye kitovu cha Liyongo kingebaki salama.

MSHTAKIWA WA NNE: WATU WA SIMBI

Ukitoka Kisumu ukipitia Ahero na Katito, utafika Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay. Karibu na mji huo pana ziwa dogo la mviringo, Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, na heroe hulitembelea. Wanajiolojia husema ni shimo la volkeno lililojaa maji. Masimulizi husema ni kijiji kilichozama.

Siku hiyo watu wa kijiji walikuwa kwenye sherehe, pombe na nyama tele. Bibi mzee akaja amechoka, ana njaa, anaomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja pekee akampokea, akamlisha. Bibi akamwambia ahame na jamaa yake mara moja. Mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, kijiji kikafunikwa na maji pamoja na sherehe yake.

Watu wa Simbi hawakumpiga mtu wala kumuua. Uovu wao ni wa kutotenda. Walijua bibi ana njaa, na chakula kilikuwepo. Kwa kipimo cha ujuzi wana hatia kamili. Kwa kipimo cha imani, walivunja desturi ya ukarimu inayosema "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hata hivyo, mtetezi wao anaweza kuuliza swali zuri: je, watoto wachanga wa kijiji kile nao walimfukuza bibi? Adhabu iliangukia waliokosa na wasiokosa. Ukiibua hoja hii katika mjadala, unamfanya bibi mwenyewe aingie kizimbani. Hilo halikatazwi, mradi uwe na ushahidi kutoka kisani.

MSHTAKIWA WA TANO: NYAMGONDHO

Nyamgondho mwana wa Ombare alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, upande wa Nyandiwa. Siku moja mtego wake ulikuwa mzito. Alipouvuta hakukuta samaki, bali bibi mzee. Akataka kumrudisha majini, lakini bibi akaomba apelekwe nyumbani. Tangu siku hiyo mifugo ilijaa bomani. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akawa mtu wa kunywa pombe hadi usiku. Usiku mmoja akarudi amelewa, akakuta lango limefungwa. Akafoka. Akamtukana yule bibi, akamkumbusha kuwa yeye ni kitu kilichookotwa ziwani. Bibi hakujibu. Alitoka akaelekea ziwani, na ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wakamfuata, wote wakazama. Nyamgondho akasimama ufuoni ameegemea fimbo yake, akageuka mti.

Mpime sasa. Nia: kiburi. Ujuzi: alijua vyema mali ile imetoka wapi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuvuta mtego. Hiari: hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlazimisha, hakuwa na adui wala njaa. Imani: aliyemtukana ndiye aliyemfadhili, tena mke wa nyumba yake. "Asante ya punda ni mateke."

UAMUZI NA UTETEZI WAKE

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba, kati ya washtakiwa wa ziwani, Nyamgondho ndiye mwovu kupita wote.

Utapingwa mara moja. Mwenzako atasema: "Nyamgondho hakuua mtu! Alitoa maneno tu. Apul Apul amekula watoto, na kisu cha binti kilifungua njia ya kifo cha shujaa." Pinzani hili ni la kweli, wala usilikwepe. Kwa kipimo cha nne, Nyamgondho ndiye mwepesi kuliko wote, na hasara kubwa ilimrudia yeye na nyumba yake. Likubali wazi, kisha ujibu hivi: madhara hutuambia ukubwa wa msiba, lakini hayatuambii ukubwa wa uovu. Mvua ya masika ikifurika Nyando huleta msiba mkubwa, na hakuna anayeiita mvua mwovu. Uovu unaonekana pale mtu anapokuwa na kila sababu ya kutenda wema, na hana kisingizio hata kimoja, kisha akachagua kudhuru. Zimwi ana kisingizio cha njaa. Binti ana kisingizio cha watu wake. Watu wa Simbi wanaweza kusema bibi alikuwa mgeni wasiyemjua. Nyamgondho hana pa kujificha.

Ndiyo sababu kisa chake hukaa moyoni. Hatujawahi kukutana na zimwi njiani. Lakini mtu anayeinuliwa na mwingine, akishainuka akamdharau aliyemwinua, huyo tunamjua. Wengine wetu tunaishi naye.

Hulazimiki kukubaliana na msimamo huu. Ukiwachagua watu wa Simbi unaweza kushinda, kwa mfano kwa hoja kuwa uovu wa umati ni mkubwa kuliko wa mtu mmoja kwa sababu kila mmoja angeweza kuuzuia. Mtahini hatuzi jina ulilochagua. Anatuza hoja na ithibati.

NANI ANASIMULIA?

Baada ya vipimo vinne, lipo swali la kuuliza kila mara: kisa hiki kinasimuliwa na nani, na mwovu wake anatoka upande gani? Mighani ni mali ya jamii. Shujaa huwa wetu, na mara nyingi mwovu huwa wao.

Swali hili si la darasani tu. Uwanda wa Kano unapakana na milima ya Nandi, na soko la Sondu liko mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho. Huko Sondu, katika miaka ya 2022 na 2023, kulizuka mapigano baina ya majirani na watu wakapoteza maisha. Katika darasa lako huenda mmekaa dawati moja na mwanafunzi anayewaita mashujaa wale ambao kisa chako kinawaita maadui. Ukiandika kwamba binti wa Lang'o alisaliti "kwa sababu ndivyo watu wa kwao walivyo", umefanya makosa mawili. La kwanza ni la kifasihi: umempa mhusika sifa isiyothibitishwa na kisa. La pili ni zito zaidi: umehamisha hatia ya mhusika mmoja ukaibebesha jamii nzima iliyo hai. Andika alichofanya, aliyemtuma, na matokeo. Ishia hapo.

Angalia pia kwamba mara nyingi fanani hampi binti huyu jina. Mhusika asiye na jina ni rahisi kuhukumiwa. Hiyo yenyewe ni hoja nzuri ukiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika mighani.

KUTUMIA VIPIMO HIVI KATIKA VITABU TEULE

Chukua tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa kabla ya darasa lako. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anafunga soko la Chapakazi na kuwanyima watu riziki. Kwa vipimo vyote vinne ana hatia: nia yake ni tamaa, anajua anachofanya, anaivunja imani ya raia, na madhara yanawafikia wengi. Lakini uliza pia kuhusu Kenga, mshauri wake. Je, anayetoa ushauri mbaya ana hatia ndogo kuliko anayeutekeleza? Hilo ni swali lile lile la mtawala wa Pate na mwana wa Liyongo. Fanya hivyo katika riwaya na tamthilia unazozisoma mwaka huu: mchukue kila mhusika mwovu, andika vipimo vinne, na chini ya kila kipimo taja tukio moja mahususi.

MFANO WA AYA YA JIBU

Swali: "Nyamgondho ni kielelezo cha uovu usio na kisingizio." Tetea kauli hii.

Jibu: Nyamgondho ni mtovu wa shukrani. Bibi mzee aliyemvua ziwani anamletea mifugo mingi na kumtoa katika umaskini. Badala ya kumheshimu, Nyamgondho anarudi nyumbani usiku akiwa amelewa, anamfokea kwa kukuta lango limefungwa na kumdhihaki kwa asili yake. Hakuna aliyemchochea wala kumlazimisha kutenda hivi. Kwa hiyo uovu wake unatokana na hiari na kiburi chake mwenyewe. Matokeo yake ni kupoteza mali yote, mifugo inapomfuata bibi hadi majini.

Zingatia muundo wa aya hii: hoja imetajwa katika sentensi ya kwanza, tukio limefuata, ufafanuzi ukalifunga tukio kwenye swali, kisha tokeo. Hoja isiyo na tukio haipati alama kamili. Tukio lisilofungwa kwenye swali ni usimulizi tu.

MASWALI YA MARUDIO

1. Tofautisha mhusika mkinzani na mhusika mwovu kwa kutoa mfano mmoja wa kila mmoja kutoka kwa masimulizi ya jamii yako. (alama 4)
2. "Luanda Magere alijiangamiza mwenyewe." Jadili. (alama 10)
3. Linganisha na ulinganue usaliti wa binti wa Lang'o na wa mwana wa Liyongo. (alama 10)
4. Je, adhabu ya watu wa Simbi ilikuwa ya haki? Toa hoja tatu za kuunga mkono na tatu za kupinga. (alama 6)
5. Kazi ya mradi: Mwombe mzee wa jamii yako akusimulie kisa chenye mhusika mwovu. Kisha mtafute mwenzako wa jamii jirani na umwulize kama kwao kisa hicho kipo, na huyo mhusika wanamwitaje. Andika tofauti mnazozipata, mzijadili darasani.